Nairobi hadi Magadi kwa Baiskeli, Peke Yako: Mwongozo Kamili wa Siku Moja

Anayeijua methali ya kukopa arusi, kulipa matanga, anaielewa barabara ya Magadi kabla hajaikanyaga. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi, chini kabisa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Kati ya sehemu hizo mbili pana kilomita zipatazo 110 za lami ambazo, ukishaupita mlima wa Kona Baridi, kwa sehemu kubwa zinateremka. Mwendesha baiskeli anayeanza hudhani kwamba njia inayoteremka ni njia rahisi. Kumbe kila mita anayoshuka inamwongezea joto, inampeleka mbali na maduka ya maji, na inamwekea deni la kupanda atakapotaka kurudi nyumbani. Mwongozo huu unahusu siku hiyo moja ya kwenda, kwa mtu aliye peke yake, mwenye mzigo wa kulala usiku mmoja.

Jambo la kuamua mwanzoni kabisa ni siku yenyewe. Chagua Jumapili ukiweza, kwa sababu barabara ya Lang'ata na ile ya kupitia Ongata Rongai huwa na magari machache asubuhi ya siku hiyo. Epuka majira ya mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vilevile vuli ya Oktoba hadi Desemba mvua inapokuwa imekolea. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Ngong, mabonde makavu yaliyo chini yanaweza kujaa maji ghafla hata kama juu ya kichwa chako anga ni jeupe. Ukikuta maji yanakatiza barabara, simama usubiri yapungue. Usijaribu kuvuka kwa sababu tu pikipiki imevuka.

Baiskeli: siku mbili kabla

Nasema siku mbili, wala si usiku wa kuamkia safari, kwa sababu kasoro inayogunduliwa saa nne za usiku haina fundi. Anza na breki. Kwenye njia hii breki ndizo zinazoulinda uhai wako, na mipira iliyochakaa, ambayo mjini hukutosha kwa wiki tatu nyingine, itakwisha kwenye mteremko mmoja. Badilisha mipira yote minne, kisha kagua nyaya: ukiona uzi mmoja umekatika karibu na mkono wa breki, badilisha waya mzima. Pakia mzigo wote utakaokwenda nao, panda baiskeli, tafuta mteremko wowote wa mtaani na ujaribu kusimama. Baiskeli yenye kilo 12 za mzigo nyuma husimama mbali zaidi kuliko ile uliyozoea, na ni afadhali ulijue hilo mtaani kwako.

Baada ya breki, tairi. Miiba ya migunga imejaa kando ya lami kuanzia kituo cha Kisamis, ng'ambo ya Kona Baridi, kwenda chini, na tairi iliyolika katikati ni sawa na kutokuwa na tairi. Jaza upepo kulingana na kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na tairi ya nyuma uijaze zaidi kidogo ya ile ya mbele kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo. Gonga spoki moja moja kwa kucha, na ile inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Futa mnyororo kwa kitambaa, tia mafuta tone moja kwenye kila kiungo, uzungushe, kisha ufute tena, maana mafuta yanayobaki nje hayana kazi nyingine zaidi ya kukusanya vumbi.

Vifaa vya kubeba si vingi: tyubu mbili nzima, viraka na solusheni, msasa, vijiti vitatu vya kufungulia tairi, pampu, spana ndogo inayotosha kila nati ya baiskeli yako, kipande cha waya na utepe wa plastiki. Pampu ijaribiwe nyumbani. Mimi niliwahi kubeba pampu mpya safi hadi bondeni ndipo nikagundua kwamba mdomo wake ulikuwa wa vali ya aina nyingine. Nilikaa chini ya mgunga kwa saa mbili na nusu hadi mwenye pikipiki mmoja alipopita na ya kwake.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo safari hii inapoharibikia, kwa hiyo tuihesabu polepole. Kwenye joto la bonde, mtu anayekanyaga baiskeli yenye mzigo huhitaji kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Kutoka Kiserian, mji ulio kabla ya mlima, hadi Olorgesailie, utakapopumzika mchana, ni mwendo wa saa tatu hivi, nao utakula lita mbili. Mapumziko ya mchana, hata ukiwa umelala kivulini, yatakula lita moja na nusu. Saa tatu za alasiri, ambazo ndizo zenye joto kali, zitakula lita tatu. Jumla ni lita sita na nusu. Mtu mwenye chupa mbili za kawaida za baiskeli, zisizofika hata lita mbili kwa pamoja, ajue kwamba amebeba maji ya asubuhi tu.

Usiyabebe yote kutoka nyumbani. Hadi Kiserian maduka yamefuatana, kwa hiyo toka mjini na lita mbili, kisha ujaze hapo hadi sita. Wapo watakaokushauri ujazie Kisamis, ng'ambo ya mlima, ili usiyapandishe maji yale Kona Baridi bure. Ushauri huo una mantiki, na uzito wa lita nne ni kilo nne kweli, lakini ninaona ni afadhali kutoka jasho kwa ajili ya maji niliyo nayo kuliko kutegemea duka ambalo mwenyewe huenda amekwenda kanisani. Kisamis na Oltepesi yachukue kama mahali pa kuongezea.

Maji matupu hayatoshi. Unapotoka jasho siku nzima unapoteza chumvi, na ukirudishia maji peke yake utaumwa kichwa, utasikia kichefuchefu, na misuli ya mapaja itakaza. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Huo ni mchanganyiko uleule wa nyumbani anaopewa mtoto anayeharisha, nao unamfaa mpanda baiskeli vilevile. Tengeneza lita mbili za namna hiyo kwa ajili ya alasiri. Dalili ya kuangalia ni mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Chakula ni rahisi zaidi. Chapati nne, mayai ya kuchemsha mawili, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi na pakiti ya njugu karanga vinatosha, na hakuna kitu humo kinachoharibika kwa joto kabla ya mchana ila mayai, ambayo uyale kwanza.

Mtu mmoja mjini

Anayesafiri peke yake anahitaji mwenzake asiyesafiri. Mchague mtu mmoja makini, ndugu au jirani, umwandikie ratiba yenye sehemu nne na saa zake: Kiserian, Kona Baridi, Olorgesailie, Magadi. Mkubaliane kwamba utamtumia ujumbe ukifika kila sehemu, na kwamba mtandao hukatika njiani, kwa hiyo asishtuke ukichelewa saa moja. Ila ikifika saa mbili usiku bila neno, aanze kupiga simu. Mwachie pia namba ya mahali utakapolala. Namba za dharura za polisi, 999 na 112, ziandike kwenye karatasi pamoja na jina lako, namba ya ndugu na aina ya damu kama unaijua, kisha karatasi hiyo uivalishe plastiki na kuifunga kwenye fremu, kwa sababu simu iliyoanguka pamoja nawe huenda isiwake.

Chukua kitambulisho. Weka fedha taslimu kidogo mifukoni hata kama M-Pesa ina salio la kutosha, maana pasipo na mtandao hakuna M-Pesa.

Alfajiri: kutoka mjini

Amka saa kumi, kunywa uji au chai na kitu cha kushiba, na uwe barabarani saa kumi na mbili kasorobo. Jua la Nairobi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, kwa hiyo nusu saa ya kwanza utaendesha kwa taa: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na fulana ya kuakisi mwanga. Pita Lang'ata hadi Bomas, kisha ushike barabara ya Magadi. Kaa kushoto, lakini usijibanze kwenye ukingo wa lami kabisa. Ukiwacha nafasi ya hatua moja kati yako na ukingo, dereva anaona kwamba lazima akupite kama chombo, na wewe unabaki na mahali pa kukimbilia asipoona hivyo. Matatu ndiyo ya kuangalia zaidi. Ikikupita na kondakta akiwa mlangoni akitazama kando ya barabara, jua kwamba inasimama mbele yako sasa hivi. Punguza mwendo, usijaribu kuipita upande wa kushoto.

Kabla ya Rongai barabara inapita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Nyani huketi hapo pembeni asubuhi wakiwa na macho kwenye mizigo ya watu, kwa hiyo usisimame kula ndizi. Pia ndiyo sababu mojawapo ya kutotoka mapema zaidi ya saa niliyotaja: simba wamewahi kutoka hifadhini usiku, na hakuna faida ya kupita hapo gizani.

Rongai pitia bila kusimama. Kiserian ukiwa umekwenda saa mbili, simama dakika ishirini: maji, mayai, ujumbe wa kwanza kwa mtu wako, na hewa ya tairi ya nyuma uibonyeze kwa kidole gumba.

Kona Baridi na mteremko

Kutoka Kiserian barabara inapanda bega la vilima vya Ngong, na hapa sheria ni moja: tumia gia nyepesi kuliko unayodhani unahitaji. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Kushuka na kusukuma si aibu. Mwenye haraka hapa hulipa alasiri, na alasiri ya Magadi haikubali kulipwa kidogo kidogo.

Kona Baridi haikupewa jina bure. Upepo wa hapo huingia ndani ya fulana iliyolowa jasho, kwa hiyo vaa koti jepesi kabla ya kuanza kushuka. Kisha simama upande wa bondeni ukatazame. Mbele yako ardhi inashuka kama ngazi kubwa, ngazi juu ya ngazi, hadi inapopotelea kwenye ukungu wa joto, na ukitazama hapo utaielewa siku yako nzima vizuri kuliko kwenye ramani yoyote.

Sasa mteremko. Kosa la kawaida ni kushika breki kidogo kidogo kwa muda wote, jambo ambalo hupasha moto rimu, huilegeza mipira ya breki na linaweza kupasua tyubu. Namna sahihi ni kuiacha baiskeli iende kwenye sehemu iliyonyooka unayoiona hadi mwisho, kisha kushika breki zote mbili kwa nguvu ya wastani kabla ya kona, kupunguza mwendo hadi unaoutaka, na kuziachia zipoe. Breki zishikwe kabla ya kona na si ndani yake. Viganja viwe sehemu ya chini ya usukani kama una usukani wa aina hiyo, makalio nyuma kidogo ya kiti, vikanyagio viwili katika usawa mmoja. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua, simama kivulini dakika kumi, na usimwagie rimu maji: unayahitaji tumboni.

Jihadhari na mbuzi, ng'ombe na punda zaidi ya magari. Mbuzi mmoja akishavuka, wenzake watamfuata hata kama umefika. Mchungaji naye, mara nyingi mtoto, yuko mbali nyuma. Mkaribie ukiwa umepunguza mwendo, mwamkie "Sopa", salamu ya Kimaasai, na ukikuta watoto wakikuinamishia vichwa, hawakuoni kituko. Wanakupa heshima ya mtu mzima, nawe uwaguse kichwani kwa kiganja ndipo uendelee.

Olepolos inajulikana kwa nyama choma, na harufu yake itakufikia barabarani. Ila tumbo lililojaa nyama na jua la bondeni havipatani. Ihifadhi hamu hiyo kwa siku ya kurudi.

Pancha, kwa sababu utapata

Baada ya Kisamis, usukani ukianza kuyumba au nyuma kukawa kuzito, simama mara moja. Kuendesha hatua mia moja juu ya tairi tupu kunaweza kuikata. Toka nje ya lami kabisa, tafuta kivuli, pindua baiskeli baada ya kushusha mizigo. Toa gurudumu, ingiza kijiti cha kwanza upande wa mbali na vali, kisha cha pili umbali wa spoki tatu. Kabla ya kuitoa tyubu, tia alama kwenye tairi ilipokaa vali, ili ukishapata tundu kwenye tyubu ujue ni sehemu gani ya tairi iliyochomwa.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi nzima, mzunguko wote, mara mbili, hadi uupate mwiba. Mwiba wa mgunga hukatikia ndani na kubaki ncha isiyoonekana kwa jicho, na ukiweka tyubu mpya juu yake utarudi kwenye kazi hiyohiyo baada ya kilomita mbili. Ukiupata, usisimamishe upekuzi, maana huenda ipo mingine. Weka tyubu nzima, ile iliyotoboka ikunje mkobani, utaibandika kiraka mchana wakati wa mapumziko: sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri hadi isishike kidole ndipo ugandamize kiraka. Wengi hubandika solusheni ikiwa bado mbichi, kisha wanalaumu kiraka.

Mchana: Olorgesailie

Ukifuata mwendo huu utafika Olorgesailie kwenye saa tano, ukiwa umekwenda kilomita zipatazo 70. Hapo pana eneo la kale linalosimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambapo wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba katika miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe kwa mamia, yaliyotengenezwa na binadamu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Lipa kiingilio, uyaone mashoka hayo yakiwa bado yametapakaa mahali yalipoachwa, kisha ufanye lililokuleta: tafuta banda lenye kivuli ulale.

Usiondoke kabla ya saa tisa. Najua itakuuma, kwa sababu miguu bado ina nguvu na zimebaki kilomita arobaini hivi tu. Lakini kwa kila mita 1,000 unazoshuka joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi, na kati ya saa sita na saa tisa lami yenyewe inakupikia kutoka chini. Kula chapati na viazi, kunywa kidogo kidogo, bandika tyubu yako, tuma ujumbe, lala.

Kilomita za mwisho

Alasiri njia ni tupu. Kuna vilima vidogo vya kupanda na kushuka, twiga wakati mwingine, na vijiji vichache. Kunywa kila robo saa hata kama husikii kiu. Kama umeacha kutoka jasho, unasikia baridi kwenye jua au umeanza kusahau mambo madogo, hiyo si hali ya kuvumilia: ingia kivulini, lowesha kichwa, shingo na kwapa, na usimamishe gari la kwanza linalopita. Baiskeli inaweza kupanda gari bila kupoteza heshima.

Watu watakuuliza kama uko peke yako. Wengi huuliza kwa wema, lakini jibu langu ni moja kwa wote, kwamba wenzangu wako mbele kidogo na wananisubiri Magadi. Si uongo mkubwa, kwa kuwa mwenye nyumba ya wageni ananisubiri kweli.

Ziwa huliona kabla ya kulifikia: weupe na uwaridi uliotandazwa chini, ambao mgeni hudhani ni mawingu. Ni magadi yenyewe, yaleyale tunayotia kwenye maharage yaive upesi, na kampuni ya kuyachimba ilianzishwa hapa mwaka wa 1911. Maji ya ziwa hayanyweki wala hayafai kuoshea mnyororo, kwa kuwa chumvi yake hula chuma. Panga kuingia mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa giza la hapa halina jioni ndefu.

Ukifika, usikae kabla ya kufanya mambo matatu: tuma ujumbe wa mwisho, kunywa lita moja ya mchanganyiko wa chumvi na sukari, na uulize gari la abiria la kwenda Rongai au Nairobi huondoka saa ngapi alfajiri na kama lina nafasi ya baiskeli juu. Kisha oga, ule ugali, na uikague baiskeli kwa taa ya simu: futa vumbi jeupe kwenye mnyororo, bonyeza tairi, tazama kilichobaki cha mipira ya breki. Ikiwa asubuhi utaamua kurudi kwa kukanyaga, lazima uwe umeshatoka mjini saa kumi na moja, wakati mlima ungali kivulini. Ukiamka saa moja ukiwa umechoka, pandisha baiskeli juu ya gari.